Neno Pati na Kondoo wa Papa Bauma

Vijana wangu munaoanza kazi ya ukalimani, mara nyingi munaniuliza ni neno gani la Kiingereza lilinisumbua kuliko yote. Naona mnangoja nitaje neno la madaktari, ao la wale wanaochunguza mawe, neno refu kama barabara ya Kisangani. Hapana. Lililonitoa jasho ni fupi, na hata mtoto wa Kampala analijua. Ni pati. Waingereza wanaliandika party.

Kiingereza changu nilikiokota Uganda, miaka tulipokuwa tumekimbia vita. Nilikuwa nauza mandazi kwenye mlango wa shule moja, nikisikiliza walimu wakigombeza watoto. Pale pati ilikuwa jambo moja tu: keki, soda, muziki, na watoto wamevaa nguo za kuazima. Nilirudi kwetu Karuba nikidhani neno hilo nimelimaliza. Leo niko Kirotshe, magoti yangu yamekataa vilima, nakaa kwa binti yangu karibu na ziwa, na neno lenyewe bado nalichunguza.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Walikale, chini ya Papa Kubuya. Huyu alikuwa mtu wa msitu, mwembamba, alisoma seminari mpaka ikabaki kidogo awe padri, kisha akaona msichana na akaoa. Alivaa buti za mvua kila siku, hata kanisani. Tulikuwa tunasindikiza wageni waliokuja kuhesabu ndege. Kwenye kizuizi kimoja cha barabara, ajenti wa pale akawauliza ni watu gani. Kiongozi wao, mama mmoja mrefu mwenye kucheka, akajibu kwa Kiingereza kwamba wao ni pati ndogo tu.

Yule ajenti alikuwa amejifunza Kiingereza kidogo kwenye radio. Akaruka kutoka kwenye kiti. "Parti? Parti ya politike? Ya upinzani ao ya serikali?"

Niliona kicheko kinanipanda. Papa Kubuya akanikanyaga mguu. Akavua kofia, akasema polepole, "Chef, ni kundi tu. Kundi ya batu banaohesabu ndege."

Ajenti akazidi kukunja uso. "Banahesabu ndege? Avio zetu?"

"Hapana, chef. Ndege ya manyoya."

Tulikaa kwenye benchi mpaka mkubwa wake akaja akatuachilia, tukiwa tumeshiba ndizi za kuchoma za mama aliyeuza pale kizuizini. Wageni walikuwa wamekasirika, lakini Papa Kubuya alikuwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu. Alisema siku ile tumeona maneno mawili, pati la kwao na ndege la kwetu, yakigongana katika mlango mmoja. "Zawadi," akaniita kwa jina langu, "neno murefu iko na kazi moja. Neno mufupi njo ya kuogopa. Iko sawa panga. Unakata nayo kuni, unachimba nayo mashimo, unaua nayo nyoka. Ukisikia neno mufupi, usiulize maana yake. Uliza leo imeshikwa na nani, na anataka kukata nini."

Tangu siku ile nikaanza kulifuata pati kama mwindaji anavyofuata nyayo. Nikagundua watu wanaotembea pamoja ni pati. Chama cha siasa ni pati. Wale wanaotumwa msituni kumtafuta aliyepotea ni pati, ingawa hakuna anayecheka. Hata mtu mmoja peke yake, aliye upande wa pili wa simu, niliwahi kusikia karani akimwita hivyo. Na kwenye mambo ya kesi na mapatano, kila upande ni pati. Wanasheria wa Goma wanasema kwa Kifaransa "partie", na hapo mambo ni rahisi. Shida inakuja pale ambapo Mwingereza anasema, na aliyepo kusikiliza anajua keki na soda tu.

Nyinyi leo mko na simu. Unaandika neno, inakutolea jingine, unaendelea. Sizikatai simu, hata mimi binti yangu amenifundisha. Lakini simu haikai kwenye mkeka wa mtu. Sasa nisikilizeni niwaelezee jambo la Karuba.

Kule Karuba kulikuwa na chemchemi nzuri, katikati ya mashamba ya familia mbili. Upande mmoja Papa Ndoole, upande mwingine Papa Bauma. Wazee hawa walikua pamoja, walichunga ng'ombe pamoja, na mmoja alikuwa shahidi wa ndoa ya mwenzake. Kisha kipande cha ardhi chenye ile chemchemi kikawatenganisha. Kila mmoja alisema babu yake njo alipanda ile miti ya mpaka. Waliacha kusalimiana. Kanisani mmoja alikaa kuume, mwingine kushoto, na wachungaji wakabadilika wawili watatu bila kuwapatanisha.

Papa Ndoole akafa. Homa ilimchukua ghafla. Watoto wake walikuwa wametangaza kwamba Papa Bauma akikanyaga kwenye kilio watamfukuza mbele ya watu. Kwa hiyo Papa Bauma hakuenda kuzika. Siku ya mazishi watu walimuona amesimama juu ya kilima chake, mbali, kofia mkononi, mpaka udongo ukarudishwa.

Kilio chenyewe hakikuwa kimetolewa. Nyinyi wa mjini mnaelewa? Kwetu, mjane anavaa nguo nyeusi, hafanyi karamu, hachezi, pombe haiingii nyumbani mwake, mpaka siku ya kutosha kilio, yaani kukiondoa, atakayochagua yeye mwenyewe pamoja na familia. Siku ile njo watu wanapika, wanaimba, na nguo nyeusi inawekwa kando. Hakuna jirani wala chefu anayemchagulia. Mama Nyota, mjane wa Papa Ndoole, alikuwa bado ndani ya nguo nyeusi mradi wa maji ulipofika.

Mradi uliongozwa na Injinia Mensah, mtu wa Ghana. Mweusi kama sisi, lakini watoto walimwita muzungu kwa sababu alivaa kofia ya plastiki na hakujua Kiswahili. Alitaka kushika ile chemchemi, apitishe mabomba, maji yateremke mpaka shuleni na kwenye kituo cha afya. Bila ruhusa ya familia zote mbili hakuna bomba lingepita. Na mabomba yaleyale yalikuwa yanaombwa na kijiji cha ng'ambo, ambacho hakikuwa na ugomvi. Kama Karuba wangekawia, mabomba yangekwenda kule.

Mimi nilikuwa mkalimani wake. Lakini wiki ile binti yangu alikuwa anajifungua hapa hospitali ya Kirotshe, nikaomba ruhusa. Injinia akabaki na Deo.

Deo alikuwa dereva. Mtu mwema sana, mnene, mwenye nyimbo. Aliwahi kuendesha malori mpaka Kampala, na Kiingereza chake kilitosha kununua tairi na kuagiza chakula. Injinia akamwambia awaambie pati zote mbili wawe kwenye chemchemi Jumamosi, na kila kitu kiwe tayari. Alimaanisha pande zote mbili, na mashahidi wao. Deo akasikia fete mbili, karamu za kula na kunywa. Akapanda kwanza kwa Papa Bauma, kisha kwa Mama Nyota, na kote akasema neno lile lile: Jumamosi kila nyumba itengeneze pati, yaani fete, wakutane pale kwenye maji.

Nilijua haya yote Jumamosi asubuhi, ndani ya jeep. Deo alikuja kunichukua, mjukuu wangu akiwa amezaliwa salama. Tulipopita Mushaki akawa anaimba, akanipiga kiwiko. "Mama Zawadi, leo tutakula. Injinia amewaitisha fete."

"Fete gani?"

"Pati! Mbili! Moja kwa Papa Bauma, moja kwa mujane."

Nikamwambia asimamishe gari. Alisimamisha katikati ya barabara, ng'ombe wakatuzunguka. Nikamuuliza Injinia alisema nini, neno kwa neno, akanirudilia kwa kile Kiingereza cha tairi. Nilipomueleza, aliweka kichwa kwenye usukani. "Mama yangu," akasema, "na mujane alininyamazia tu. Nikafikiri ni kukubali."

Tulipofika, moshi ulikuwa unapanda kwa Papa Bauma. Kwa Mama Nyota hakukuwa na moshi hata wa chai. Injinia alikuwa amesimama kwenye chemchemi peke yake na michoro yake kwapani, na juu ya njia walikuwa wamesimama vijana wa Mama Nyota na mapanga. Mkubwa wao, Innocent, aliponiona alipiga kelele.

"Mama Zawadi, rudisha huyu muntu wako! Banatuambia tufanye pati? Baba yetu njo parti! Ameenda! Na bale kule banachinja, banashangilia kifo yake!"

Nikamuomba dakika moja niongee na mama yake. Aliteremsha panga. Nikageuka kwa Injinia, nikamueleza kwa haraka. Alisikiliza, akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Sielewi," akasema. "Kwetu mtu akifa, tunafanya karamu kubwa kuliko ya harusi. Muziki, ngoma, nguo zinazofanana. Tusipofanya, tunakuwa tumemtukana marehemu."

"Hapa ni kinyume," nikamwambia. "Hapa umemuamuru mjane avue nguo nyeusi."

Aliketi juu ya jiwe. Nilimuacha pale na Deo.

Mama Nyota alikuwa ndani, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, nywele nyeupe zimeanza kurudi. Hakunipa kiti, nikaketi chini karibu naye.

"Umekuya kuniambia nipike?" akauliza.

"Nimekuya kukuambia hakuna aliyesema upike, Mama. Ni neno."

"Neno gani inaweza kusema mambo kama ile?"

Nikamueleza. Kwamba Waingereza wana neno moja ambalo likikaa kwenye nyumba ni sikukuu, na likikaa kwenye kesi ni upande. Kwamba Injinia aliita pande mbili, na Deo, ambaye hajawahi kusikia kesi kwa Kiingereza, alipeleka sikukuu mbili. Nilingoja anifukuze. Aligeuza uso kidogo, jinsi kuku anavyogeuza uso kutazama punje.

"Rudilia," akasema. "Fete na ugomvi, kwao ni jina moja?"

"Ni jina moja, Mama."

"Sababu gani?"

Vijana wangu, kwa miaka yote niliyolifuata neno lile, hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikamwambia sijui. Nikamwambia kuna mzee Walikale anayeweza kujua, nitamuuliza. Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyekubali kungoja deni dogo. Kisha hasira ikamrudia.

"Lakini Bauma, yeye anajua Kiswahili. Alisikia fete akachinja. Mume yangu iko kwenye udongo, yeye anachinja."

Nikamwambia naenda kumuuliza mwenyewe.

Kwa Papa Bauma nilikuta kondoo amekwisha kuchunwa, ametundikwa kwenye mti wa parachichi. Mke wake na mabinti walikuwa wanamenya viazi. Na Papa Bauma mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, amevaa koti lake la harusi za watoto, amenyolewa ndevu vizuri, fimbo imepakwa mafuta. Aliponiona aliinuka, akafungua mikono.

"Mama Zawadi! Bameanza kufika? Sisi tuko karibu kumaliza. Waambie bapunguze haraka kidogo, nyama iko ngumu."

Nikamsalimia. Nikamuuliza, kabla ya yote, kwa nini alichinja.

Alishangaa. "Si Nyota ameniita? Deo alisema nyumba zote mbili zipike, tukutane kwenye maji. Nilisema: basi. Amechoka na ugomvi. Miye pia nimechoka. Nilimwambia mama hapa: kama anaweza kupika na sisi, amenisamehe ile siku sikuenda kuzika."

Mke wake aliacha kumenya viazi. Nadhani alikwisha kuusoma uso wangu.

Kazi hii inatufundisha kusema kile kilichosemwa, bila kukipaka sukari. Lakini ninawaambia, kutafsiri maneno ya hasira ni rahisi kuliko kumwambia mtu mwenye furaha kwamba furaha yake ilitoka kwenye kosa. Nilimwambia. Sikuacha kitu. Pati, pande, Deo, nguo nyeusi, mapanga njiani.

Alisikiliza amesimama. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Basi hakuniita?"

"Hakukuita, Papa."

Akaketi. Alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, na mke wake akaja akamshika mkono akazuia. Kondoo alikuwa anadondosha matone kwenye majani ya ndizi yaliyotandazwa chini.

"Nilikuwa juu ya kilima," akasema hatimaye. "Ile siku. Niliwaona banamushusha. Ndoole alinifundisha kupiga mluzi, nilikuwa sijui. Nilisimama pale nikasema, sasa nani atajua kwamba nilikuwa sijui kupiga mluzi?"

Nilirudi kwa Mama Nyota. Vijana wake walikuwa wamesogea mpaka mlangoni, Innocent ndani kabisa. Nikawaambia wote kile nilichosikia, kwa maneno ya Papa Bauma mwenyewe, kama ninavyofanya kazini: nikisema "miye" pale aliposema "miye". Nilipofika kwenye kilima, Mama Nyota alifunika mdomo na kitambaa. Nilipofika kwenye mluzi, alikitoa.

"Amevaa nini?" akauliza.

"Koti lake nzuri."

"Ile ya kahawia?"

"Njo hiyo."

"Ndoole alikuwa naye siku anainunua. Goma." Innocent akataka kusema kitu, mama yake akainua mkono bila kumtazama. "Akuye," akaniambia. "Nyama abakize kwao, watoto ya kijiji bakule. Fete hapana. Akuye kama muntu anakuya kwenye kilio."

"Mama!" Innocent akasema. "Tulisema mbele ya batu yote kama hatakanyaga hapa."

"Nyinyi njo mulisema. Miye nilikuwa nalia, hakuna aliyeniuliza."

Papa Bauma alikuja adhuhuri. Hakuvaa koti. Alikuwa amebeba mwenyewe fungu la kuni begani, mzee wa umri ule, maana kwetu mtu haendi kwenye kilio mikono mitupu, na mke wake nyuma yake na kikapu cha unga. Vijana walikuwa wamesimama pande mbili za njia. Alipita katikati yao bila kuinua macho. Kwa muda mrefu nilimtazama Innocent tu, na panga lake. Mzee alipojikwaa kwenye jiwe karibu na mlango, kuni zikayumba, na Innocent akazishika. Sidhani alikusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa. Baada ya kuzishika hakuweza kuziachia, akaziingiza ndani.

Papa Bauma aliketi kwenye udongo, nje ya mkeka. Mama Nyota akasema, "Umechelewa."

"Nimechelewa," akajibu.

Kisha wakalia, wote wawili, na mke wa Papa Bauma, na mimi. Hakuna kilichosemwa kuhusu shamba wala chemchemi. Deo aliyekuwa nyuma ya nyumba alilia kuliko sisi sote.

Jioni kidogo, Injinia akaomba aruhusiwe kumuona mjane. Aliinama kwenye mlango, akavua ile kofia ya plastiki. Alisema kwa Kiingereza, nami nikafuata, kwamba anaomba msamaha, na kwamba hakujua, maana kwao mazishi yana ngoma. Mama Nyota alisahau kumkasirikia. Alinigeukia.

"Muulize. Batu banacheza kabisa? Mbele ya maiti?"

Wanacheza, akasema Injinia. Alipozikwa baba yake, walifunga barabara.

"Na yeye? Alicheza?"

"Nilicheza," akasema. "Nililia huku nacheza. Mama yangu alinishika mkono nisianguke."

Mama Nyota alilifikiria jambo hilo. "Basi ni sawa," akasema. "Miguu tu njo haifanane."

Kikao cha chemchemi kilifanyika wiki iliyofuata, na siku hiyo nilikuwepo. Sikuruhusu neno pati lipite hivihivi hata mara moja. Injinia alipolisema nilimsimamisha: "Upande gani? Nani?" Akachoka, kisha akazoea, akaanza kusema majina ya watu. Kwenye karatasi ya mapatano mradi wenyewe uliandikwa kuwa pati ya tatu, na Deo aliposikia akainua mikono. "Mama Zawadi, ile ya tatu miye sipeleke!" Hata Innocent alicheka. Walikubaliana chemchemi isiwe ya nyumba yoyote, mipaka ya mashamba ianzie juu yake na chini yake. Miti ya babu ilibaki na ugomvi wake. Mpaka leo sijui nani aliipanda. Lakini mabomba yalipita.

Nilipofika Walikale tena, nilimpelekea Papa Kubuya swali la Mama Nyota. Alikuwa amezeeka, buti zilezile miguuni. Swali lilimfurahisha mpaka akasahau chai yake. Alisema neno lile Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa zamani, na kwao lilitoka kwenye kugawa. Mwenye pati ni mwenye fungu lake. Wanaokula pamoja, kila mmoja ana fungu. Wanaoshindana, kila mmoja ana fungu lake pia, na njo maana wanashindana. "Na yule anayesema kwa Kifaransa ameenda, parti," akasema, "amejigawa na wengine. Amejitenga." Nilipomrudishia Mama Nyota jibu hilo, aliuliza tu kama Wafaransa wa zamani nao walikuwa na chemchemi.

Alitosha kilio mwaka uliofuata, siku aliyoichagua mwenyewe, baada ya mavuno ya maharagwe. Injinia alikuwa amekwisha kurudi kwao. Mama Nyota alituita sote. Kwa desturi, anayesimama kumzungumzia marehemu siku ile ni ndugu yake wa kiume, na Papa Ndoole hakuwa na ndugu aliyebaki hai. Mama Nyota akamwita Papa Bauma asimame.

Alisimama na lile koti la kahawia. Alianza hotuba mara mbili, ikamshinda. Basi akaacha kuhutubia, akaanza kueleza tu. Alieleza siku waliyoiba maziwa ya babu yake Ndoole, wakajaza maji kwenye kibuyu ili asijue, na mzee akanywa, akasema ng'ombe huyu ameanza kunywa mvua nyingi. Alieleza walivyokimbia nyuki wakaacha nguo zao kilimani. Watu walianza kucheka kidogo kidogo, kwa kuogopa, wakimtazama mjane. Mama Nyota, kwenye kitenge kipya cha maua, alicheka mpaka akamshika Innocent begani. Kisha Papa Bauma akaweka vidole mdomoni akapiga mluzi, mrefu, wa wachungaji, na kutoka kilima cha ng'ambo mchungaji mmoja asiyejua chochote akaujibu.

Nilikuwa nimezoea, kila mahali penye watu, kukaa katikati ya wawili na kusikiliza kwa masikio ya kazi. Siku ile niliangalia huku na huku, nikaona hakuna aliyenihitaji. Mtu mmoja akanisogezea sahani ya viazi na nyama. Nikajisogeza kwenye mkeka, kati ya Deo na mke wa Papa Bauma, nikala.